Fizikia Aliijua

Karatasi ya mtihani ilikuwa imekunjwa mara nne na kusukumwa chini kabisa ya begi. Mpwa wangu wa kike aliitoa baada ya mama yake kuondoka sebuleni. Kidato cha tatu, fizikia, 31 kati ya 100.

Swali lililonishika lilikuwa la rezista mbili zilizounganishwa sambamba, moja ya omu 3, nyingine ya omu 6: tafuta ukinzani wa jumla. Sakiti alikuwa ameichora kwa rula, safi, mishale ya mkondo ikielekea inakotakiwa. Chini ya mchoro kanuni imeandikwa sawasawa: 1/R = 1/R1 + 1/R2. Chini ya kanuni namba zimepachikwa mahali pake. Halafu ukaja mstari huu:

1/3 + 1/6 = 2/9

Kutoka hapo akaipindua ikawa 9/2, akapata omu 4.5, akalipigia jibu mistari miwili. Kalamu nyekundu ilipita na X moja kubwa juu ya kazi yote, kuanzia mchoro hadi jibu. Pembeni iliandikwa: "Soma zaidi."

Nikamuuliza, "Umeme ukipewa njia mbili badala ya moja, unapita kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi?"

"Kwa urahisi, mjomba. Si njia zimeongezeka?"

"Kwa hiyo ukinzani wa jumla utazidi zile omu 3, au utapungua?"

"Utapungua." Akanyamaza, akaitazama 4.5 yake. "Sasa mbona yangu imekuwa kubwa?"

Fizikia aliijua.

Dada yangu aliporudi alituona tumeinamia karatasi. "Kaka, usijisumbue," akasema. "Huyu hana kichwa cha hesabu, tulishakubali." Alisema bila ukali wowote, mtoto akiwa amekaa palepale.

Wiki kadhaa zimepita na ile 2/9 bado inanisumbua.

## Orodha unayoijua

Muulize yeyote kwa nini wanafunzi wa sekondari wanafeli sayansi na hesabu, atakutolea orodha bila kumeza mate. Walimu hawatoshi, maabara hazina vifaa, vitabu ni vichache, madarasa yamefurika, wazazi hawafuatilii, watoto wenyewe hawayapendi masomo haya. Sina ugomvi na orodha hiyo. Kila kitu kilichomo kimechunguzwa na watu makini, na kila kimoja kina ukweli wake.

Shida yangu ni kwamba orodha haiteremki hadi kwenye daftari. Inasema umaskini unashusha alama. Sawa, unazishushaje? Unapitia mlango upi hadi ufike kwenye mstari ule wa 2/9? Aliyejumlisha ni mtoto, na alijumlisha kwa mantiki yake mwenyewe: juu kwa juu, chini kwa chini.

Tena mantiki hiyo si ya kipumbavu. Mchezaji akipiga mashuti 3 akafunga 1, kisha akapiga mengine 6 akafunga 1, kwa jumla amefunga 2 kati ya 9. Hapo 2/9 ni jibu sahihi kabisa. Mpwa wangu alitumia hesabu halali mahali isipohusika, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha mpaka uko wapi.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama mstari ule ni ajali ya binti mmoja au ni kitu kikubwa zaidi.

## Deni la shule ya msingi

Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa wa Marekani, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 jumlisha 7/8. Hawakutakiwa kukokotoa, ni kukadiria tu. Majibu ya kuchagua yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolipata walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, maana yake walijumlisha za juu peke yake au za chini peke yake. Wenye miaka 17 walipoulizwa swali hilohilo, asilimia 37 ndio waliopatia.

Swali hilo lilirudiwa miaka mingi baadaye kwa wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Waliopatia walikuwa asilimia 27.

Sasa tazama kazi ya mwanasaikolojia Robert Siegler na wenzake iliyotoka mwaka 2012. Walichukua kumbukumbu za watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi, Waingereza waliozaliwa mwaka 1970 na kundi jingine la Marekani, wakauliza: ukitazama alichokijua mtoto akiwa na miaka kama 10, ni kitu gani kinachotabiri vizuri zaidi hesabu yake ya sekondari miaka mitano au sita baadaye? Jibu lilikuwa sehemu na kugawanya. Vilitabiri vizuri zaidi kuliko kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba nzima. Na utabiri huo ulibaki hata baada ya kuweka pembeni akili ya jumla, kipato cha familia na elimu ya wazazi.

Nilisoma hapo mara mbili.

Najua utabiri si sababu. Huenda mtoto anayeelewa sehemu mapema ana kitu kingine ambacho vipimo havikukiona. Lakini ukifikiri sehemu zinamtaka mtoto afanye nini, unaona kwa nini zinabeba uzito huo. Kwa miaka yote ya mwanzo amefundishwa kwamba namba kubwa ni yenye tarakimu kubwa, ukizidisha inaongezeka, ukigawanya inapungua, na baada ya 3 inafuata 4. Zinakuja sehemu, na kila kimoja kati ya hivyo kinavunjika. Sita ni kubwa kuliko tatu, lakini sudusi ni ndogo kuliko theluthi. Ukizidisha kwa nusu, inapungua. Kati ya theluthi na nusu kuna namba zisizo na mwisho. Mtoto anayevuka hapo amebadilisha fikra yake yote kuhusu namba ni nini. Asiyevuka anakariri hatua, na hatua zinamfikisha hadi mtihani wa mwezi ule.

Kisha sekondari inafunguka na sehemu ziko kila mahali, zimevaa majina mengine. Densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Kasi ni umbali gawanya kwa muda. Moli kwenye kemia, mteremko wa grafu, uwiano wa 3 kwa 1 kwenye jenetiki, lenzi, rezista. Hakuna mwalimu wa fizikia anayetangaza, "Leo tunasoma sehemu." Anasema leo tunasoma umeme, na deni la darasa la nne linadaiwa hapo, likiwa na riba.

## Na umaskini je?

Hapa nilijishtukia. Nilikuwa nimeanza kufurahia maelezo yangu, na maelezo yanayofurahisha ni ya kuogopa. Je, si naondoa lawama kwa serikali, kwa shule, kwa mfumo, na kuzibebesha sehemu?

Mwaka 1966 Marekani ilitoa ripoti iliyoongozwa na mwanasosholojia James Coleman, iliyogusa shule kama 4,000 na wanafunzi zaidi ya laki tano. Hitimisho lake lilishtua wengi: tofauti za alama zilifuata zaidi nyumba mtoto anakotoka kuliko vifaa vya shule anayosoma. Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley wakalinganisha nchi 29, tajiri na maskini, wakiangalia shule za msingi. Wakakuta kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu unavyozidi kuwa na nguvu juu ya alama za sayansi. Kwa hiyo hata ule ugomvi wa "ni nyumbani au ni shuleni" jibu lake linategemea unaulizia wapi.

Kwenye PISA ya mwaka 2022, ule upimaji wa vijana wa miaka 15 unaosimamiwa na OECD, shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, wanafunzi kutoka familia zenye uwezo waliwazidi wa familia duni kwa pointi 93 za hesabu, kwa wastani wa nchi za OECD. Wastani wenyewe ulikuwa 472. Pointi 93 ni pengo kubwa mno.

Kwenye ripoti hiyohiyo, wavulana waliwazidi wasichana kwa pointi 9 za hesabu, na kwenye sayansi tofauti haikuwa ya maana.

Tisa kwa tisini na tatu. Hata hivyo, ni mara ngapi umemsikia mtu akieleza kufeli kwa msichana kwa kusema tu kwamba ni msichana?

Basi umaskini upo, na ni mkubwa. Lakini bado nilitaka kuuona ukiingia kwenye daftari, na nadhani nimeuona. Mtoto wa tajiri naye ana mashimo. Anaumwa wiki ile ile ya sehemu, analala darasani, anapata mwalimu asiyeeleweka. Tofauti ni kwamba shimo lake linapata mtu wa kulitafuta. Kuna mzazi aliyesoma anayepekua daftari jioni, kuna mwalimu wa tuisheni anayelipwa kukaa na mtoto mmoja hadi aone anakwama mstari gani. Fedha inanunua jicho la pili. Mtoto wa maskini anakosa kipindi kwa sababu ya shida za nyumbani, anarudi, wenzake wako mbele, na hakuna anayejua kilichopita asipokuwepo. Kuanzia hapo shimo linatembea naye hadi sekondari, likiitwa "hana kichwa".

## Kazi ya nani?

Nilimpelekea rafiki yangu, mwalimu wa hesabu wa miaka mingi, picha ya ule mstari. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa.

"Ndugu yangu, hao ninao darasa zima," akasema. "Nikirudi kwenye sehemu, mtaala nitaumaliza lini?"

Nikamwambia mtaala unaoisha bila wanafunzi haujaisha. Akacheka. Akaniuliza kama nimewahi kuona mkaguzi akimuuliza mwalimu wanafunzi wameelewa nini. Anachoulizwa ni andalio la somo na mada aliyofikia. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nalo: darasani kwake wapo pia waliovuka, walio tayari kwa logarithimu, na wao wana haki. Akirudi nyuma anawaonea hao, akienda mbele anawaonea wale. "Nichague nani?"

Sikuwa na jibu.

Nilichokiona baada ya mazungumzo yale ni jinsi mstari wa 2/9 usivyo na mwenyewe. Mwalimu wa fizikia anasema ni kazi ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu anasema walishasoma shule ya msingi. Wa shule ya msingi alishawapandisha. Kila mmoja anasema kweli.

Lant Pritchett na Amanda Beatty waliandika kuhusu hili kwa lugha ya wachumi. Mtaala ukienda haraka kuliko uwezo wa wanafunzi, wanaobaki nyuma hawabaki nyuma kidogo. Wanaacha kujifunza kabisa, kwa sababu kila kipindi kinachofuata kinasimama juu ya kitu ambacho hawana. Miaka inaongezeka, ujuzi hauongezeki. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kinachokosekana kwenye orodha yetu ya kila siku. Tunalilia maabara, na ni sawa kuzililia, lakini mtaala unaokimbia hauna mtu wa kuulilia, maana mtaala mzito unaonekana kama heshima ya nchi.

Kuna jaribio moja la Delhi, India, ambalo Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian walilichapisha mwaka 2019. Wanafunzi waliopewa nafasi kwa bahati nasibu walihudhuria kituo baada ya masomo, ambako programu ya kompyuta iliwapima kwanza na kuwaanzishia pale walipo, hata kama ni madarasa kadhaa chini ya darasa lao. Kipimo cha mwanzo peke yake kinatosha kukukosesha usingizi: katika hesabu, mwanafunzi wa kawaida wa darasa la 6 alikuwa nyuma kwa madarasa kama mawili na nusu, na wa darasa la 9 nyuma kwa manne na nusu. Baada ya miezi minne na nusu, waliopata nafasi walipanda vizuri kwenye hesabu kuliko waliokosa.

Lakini kwenye mitihani ya kawaida ya shule upande wa hesabu, faida hiyo haikujitokeza waziwazi. Mtihani wa shule uliuliza mambo ya darasa lao, na wao walikuwa ndiyo kwanza wanaziba mashimo ya chini.

Hapo nilikaa muda mrefu. Kumbe mtoto anaweza kujifunza kweli, na karatasi isiseme. Mzazi akiangalia karatasi tu atasema fedha imepotea.

Kuhusu walimu wenyewe nitasema moja. Mwaka 2005 Heather Hill, Brian Rowan na Deborah Ball walionyesha kwamba mwalimu wa madarasa ya chini anayeijua hesabu kwa namna ya kuifundisha, watoto wake wanaendelea zaidi. Kwa namna ya kuifundisha maana yake anaweza kuliangalia jibu lisilo sahihi na kutambua mtoto alifikiri nini. Hiyo si sawa na kuwa na shahada kubwa ya hesabu. Mtu aliyeiona 2/9 na kuandika "Soma zaidi" huenda anaijua fizikia vizuri kabisa. Na huenda usiku ule alikuwa na karatasi nyingine mia na hamsini mezani.

## Woga

Dada yangu anaamini tatizo ni mtazamo. Mtoto ajiamini, basi. Shule nayo inaamini hivyo, ndiyo maana mara kwa mara inaleta mzungumzaji wa hamasa mwenye kipaza sauti.

Woga upo kweli. Kwenye PISA ya mwaka 2012 karibu asilimia 59 ya wanafunzi wa nchi za OECD walisema mara nyingi wana wasiwasi kwamba vipindi vya hesabu vitawawia vigumu, na karibu asilimia 30 walisema wanajiona hawana la kufanya wanapokutana na swali la hesabu. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kinachotokea ndani. Wasiwasi unachukua nafasi ileile ya akili ambayo mtu anaihitaji kushika namba wakati anakokotoa. Kumbebesha mtoto namba tatu kichwani huku anabeba pia sauti ya "nitafeli tu" ni kumtwisha mzigo mara mbili.

Na woga unarithishwa nyumbani na darasani. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake waliwafuatilia walimu wa kike wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Walimu walioogopa hesabu, mwisho wa mwaka wasichana wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuamini kwamba hesabu ni ya wavulana, na walioamini hivyo walifanya vibaya zaidi. Mwaka 2015 ikaonekana vilevile kwa wazazi, na hapa kuna kitu cha kushangaza: mzazi anayeogopa hesabu akiwa anamsaidia mtoto kazi za nyumbani mara kwa mara, mtoto alijifunza kidogo zaidi na kuwa mwoga zaidi. Asiposaidia sana, madhara hayo hayakuonekana.

Kwa hiyo maneno ya dada yangu yana uzito, ila si kwa upande anaoufikiria yeye.

Kuhusu hamasa, mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha jaribio kubwa la Marekani. Wanafunzi kama 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari, wengine wakipewa mafunzo mafupi mtandaoni, chini ya saa moja, kwamba akili inakua kwa kutumika. Waliokuwa na alama za chini walipanda kwa wastani wa pointi 0.10 kwenye kipimo chao cha alama ambacho juu kabisa ni 4. Ni kidogo, lakini ni kweli, na gharama yake ni karibu bure. Siidharau. Ninachokataa ni kuifanya dawa ya kila kitu. Mpwa wangu akijiamini hadi mawinguni, theluthi na sudusi bado zitamgomea hadi mtu amwonyeshe kwa nini zinahitaji asili moja, yaani namba ya chini ileile, kabla ya kujumlishwa.

Nilimwonyesha kwa ukanda wa karatasi uliokunjwa sehemu sita. Theluthi ni vipande viwili, sudusi ni kimoja, jumla vitatu kati ya sita, nusu. Pindua, omu 2. Akasema, "Aa, kumbe ndogo kuliko 3." Uso wake ulibadilika, na sikuwa nimemhamasisha hata kidogo. Nadhani mara nyingi kupenda somo kunakuja hivyo, nyuma ya kuliweza, ingawa tunapenda kuamini kupenda ndiko kunakotangulia.

Lugha ya mtihani nayo imo. Jamal Abedi na Carol Lord waliyarahisisha maneno ya maswali ya hesabu mwaka 2001 bila kugusa hesabu yenyewe, na alama zikapanda kidogo, hasa kwa wanaojifunza Kiingereza. Hilo lina makala yake.

## Mazoezi yenye kichwa cha habari

Jambo moja lilinitatiza hadi mwisho. Mpwa wangu aliniambia alishawahi kupata zote kwenye zoezi la sehemu. Nikadhani anajitetea. Akaenda kuchimbua daftari la zamani, na kweli: maswali ishirini, vema ishirini.

Nikayasoma. Juu ya ukurasa kulikuwa na kichwa: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kwa kutumia KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Maswali yote ishirini yalikuwa ya aina hiyo. Baada ya swali la tatu mkono unaandika wenyewe. Hakuna hata swali moja lililomtaka aamue kama KDS inahitajika, kwa sababu kichwa cha habari kilikuwa kimeshaamua.

Doug Rohrer na wenzake walilipima jambo hili kwa madarasa 54 ya darasa la saba huko Florida, wakalichapisha mwaka 2020. Wote walipewa maswali yaleyale kwa miezi kadhaa. Nusu ya madarasa waliyapata yamepangwa kwa mada, nusu waliyapata yamechanganywa. Mtihani ulikuja mwezi mmoja baadaye bila kutangazwa. Waliofanya yaliyopangwa walipata asilimia 38, waliofanya mchanganyiko asilimia 61. Walimu ni walewale, vitabu ni vilevile, maabara hazikuongezwa hata bomba la kupimia.

Katika orodha nzima ya sababu za kufeli, hii ndiyo ambayo shule inaweza kuibadilisha wiki ijayo bila kibali cha mtu. Na ndiyo ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye kikao cha wazazi. Vitabu vingi vya mazoezi bado vimepangwa kwa vichwa vya habari, kwa sababu ukurasa uliopangwa unapendeza na mtoto anapata vema nyingi. Mchanganyiko unakera. Vema zinapungua kwanza.

## Ninachouliza sasa

Siku hizi nikiletewa mtoto anayesemwa hana kichwa cha hesabu, sianzi na mada anayofelia. Naanza na maswali matatu, na kwa kila moja nataka anieleze amefikaje.

La kwanza: ipi kubwa, 0.35 au 0.8? Anayesema 0.35 kwa sababu 35 inazidi 8 bado anasoma desimali kwa macho ya namba nzima, na hakuna grafu ya fizikia atakayoisoma sawasawa kabla ya hilo kurekebishwa. La pili ni lile la 12/13 na 7/8. Hapo sitaki akokotoe. Akishika kalamu haraka kutafuta KDS, najua anazijua hatua lakini haioni namba. La tatu ni la aljebra: kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sita, wanafunzi ni N, walimu ni W, andika mlinganyo. Wengi huandika 6N = W badala ya N = 6W, kwa kufuata mpangilio wa maneno. Mwaka 1981 John Clement na wenzake walichapisha matokeo ya swali la namna hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi chuo kikuu, na asilimia 37 walikosa. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili akikosa, namwambia yuko na wahandisi, kisha tunaweka W iwe 5 na kuhesabu wanafunzi mmoja mmoja hadi mlinganyo umkatae mwenyewe.

Dada yangu bado anataka binti ahamie mchepuo mwingine kabla ya mwaka kuisha. Nimemwomba asubiri hadi mtihani wa muhula ujao, nikamtahadharisha pia kwamba alama huenda zisipande mara hii. Amekubali kwa shingo upande.

Na wapo watoto wanaoyapata yote matatu bila jasho na bado wanafeli. Kwa hao sina hoja ya sehemu. Hapo ndipo narudi kwenye ile orodha ya wote, nauliza wanalala saa ngapi, darasani wanakaa wapi, wanamwogopa nani, na mwalimu wa kemia aliondoka lini.